Kichwa Chenye Masikio Mawili

Jumatatu, 2 Juni

Mimi Moris ndiye mwanaume mwenye akili kuliko wote kutoka Arua mpaka Koboko, na hapo nimehesabu madaktari, mapadri, na yule jamaa wa benki anayevaa tai hata kwenye tope. Simu iliyozama chooni nimeifufua. Redio iliyokaliwa na mbuzi nimeifufua, na mbuzi mwenyewe akaja kusikiliza. Nikipewa wiki moja na lehemu ya kutosha, nitaufanya mwezi uwake mchana. Shule niliiacha Senior Two. Haikunishinda. Ilikuwa inanichelewesha.

Daftari hili nimelianza kwa sababu watu wakubwa huandika. Kiswahili changu ni cha kambini, maana baba alikuwa askari, na kilichobaki nimekiokota kwenye vitabu alivyoacha. Atakayesoma asishangae utamu.

Leo nimepata kazi ya kunifaa. Sista Harriet, anayesimamia wanafunzi wasioona katika shule moja upande wa Ediofe, alikuja kwenye kibanda chetu cha simu. Bosi wangu Jimmy alikuwa anakula. Sista akauliza kama tuna waya wa printa ya zamani. Jimmy akasema hapana, akaendelea kutafuna. Mimi nikavuta cheni yangu ya dhahabu ikae vizuri shingoni, nikasema, "Sista, hakuna waya unaonikataa."

"Wewe ni fundi?"

"Jimmy ndiye mwenye kibanda. Fundi ni mimi."

Jimmy akanirushia mfupa wa kuku.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda kuiona. Ni mashine ya kuchapa nukta nundu, yale maandishi ya kusoma kwa vidole. Kubwa kama jeneza la mtoto, nzito kama dhambi. Ina umri sawa na mimi au zaidi. Kompyuta yake nayo ni ya rangi ya maziwa yaliyoganda. Vyote viwili ni vizima, ila waya wa kuviunganisha haupo. Sista anasema ulipotea likizo ya Januari, store iliposafishwa. Wanafikiri ni panya.

Shida yenyewe ni hii. Mtihani wa majaribio wa Senior Four unaanza tarehe 28 Julai. Mkuu wa shule amesema asiyeufanya hatafanya ule wa taifa, atarudia mwaka. Wenzao wanapewa karatasi za wino. Wasioona wanahitaji karatasi za nukta, na bila mashine hakuna. Ipo mashine ya mkono ya vitufe sita, lakini anayeijua ni Sista peke yake, na vidole vyake vimekunjika kwa ugonjwa wa maungo. Ukurasa mmoja unamchukua saa nzima na machozi.

Wa Senior Four wako wawili: Helen na Zuhurah. Zuhurah ni mpole. Helen ametoka Koboko na ana mdomo.

"Wewe ndiyo fundi?" akaniuliza.

"Mwenyewe."

"Sauti yako iko kama ya mutu anauza dawa ya panya."

Nikamwambia basi nimefika mahali pake, maana panya ndio waliokula waya. Hakucheka. Akaniambia walikuwa watatu. Wa tatu, Simon, aliyekuwa akiwashinda wote, aliondoka mwezi wa tatu akarudi kwao Adumi, kwa sababu hakuna vitabu vilivyochapwa na yeye hawezi kusoma kwa masikio tu.

"Ulishafika hapa mbele?" Helen akauliza. "Hatua zako najua."

Nikasema nilipita mara moja, mambo ya biashara.

Jumatano, 4 Juni

Helen amenieleza waya wenyewe, kwa sababu picha hakuna. Alinifumbisha macho, akanishika kiganja akachora juu yake. Upande wa kompyuta ni kichwa cha meno ishirini na tano, hicho najua. Upande wa mashine ndio kazi: kichwa kipana vidole vinne, ndani hakina meno ya kuchoma bali ulimi mmoja mrefu wenye mistari ya shaba, kumi na nane juu, kumi na nane chini. Kinashikwa na masikio mawili ya chuma, moja huku, moja kule.

"Kama tembo," nikasema.

"Kama wewe," akasema. "Masikio kubwa, hapana kusikia."

Ijumaa, 6 Juni

Maduka yote ya kompyuta mjini. Hakuna.

Jumamosi, 7 Juni

Mvua. Hakuna.

Jumanne, 10 Juni

Kijana mmoja wa duka lenye vioo ameniuliza kama ninatafuta waya au mifupa ya dinosaria. Nikamwambia mifupa ninayo, ni ya kaka yake. Hakuna.

Jumatatu, 16 Juni

Jimmy alipiga simu Kampala, waya umekuja na basi, umefungwa vizuri kama zawadi ya bibi harusi. Nikafungua. Kichwa kina mdomo mdogo bapa, kile cha simu na kamera. Nilimpigia aliyetuma. Akasema, "Siku hizi zote ni hizo, ndugu. Nunua mashine mpya." Mashine mpya ni bei ya ng'ombe arobaini. Sista alipoambiwa alikaa kwenye benchi, akasema tu, "Basi." Sikupenda ile basi.

Ijumaa, 20 Juni

Mvua siku nzima. Helen aliniuliza nimefika wapi. Nikasema karibu. Akauliza karibu na nini.

Jumanne, 24 Juni

Mwezi mmoja umebaki. Nimetafuta misheni, redioni, na kwenye ofisi moja ambako karani alikuwa anaegemeza mlango kwa printa. Nikailaza ile printa nikaitazama mgongo. Soketi ilikuwepo, nzuri kabisa. Waya haukuwepo. Karani akasema uliuzwa kwa uzito. Kila mahali ni hivyohivyo. Mashine zimebaki, waya zimekwenda kwa wanunua shaba.

Na hapo ndipo akili yangu, ambayo nimeshaeleza ukubwa wake, iliamka.

Nani anawajua wanunua shaba kuliko mimi? Kuanzia Desemba mpaka Februari nilikuwa nafanya kazi kwa Nasuru, mwenye yadi ya vyuma chakavu nyuma ya soko. Nilizunguka na baiskeli kukusanya, nikirudi nakata. Waya wowote, kichwa huku, kichwa kule, tupa. Mwili unachomwa ibaki shaba. Hakuna aliyenifikia kwa kasi. Waliniita Mkata Vichwa. Sasa swali: miili tuliichoma. Vichwa vilikwenda wapi?

Jumatano, 25 Juni

Nasuru alikuwa amekaa juu ya betri ya lori, anakunywa chai.

"Mkata Vichwa umerudi. Huko kwa simu wanakupa njaa?"

"Wananipa heshima, mzee. Vichwa vya waya mlivipeleka wapi?"

"Kichwa hapana kuwa na kilo. Naliuza kwa gunia. Iko mutu moja ya Koboko, Soro, mutu ya Sudan Kusini. Anasema ndani ya meno iko dhahabu." Akacheka mpaka chai ikamwagika. "Mimi naliuza, mimi nanyamaza. Mutu akitaka dhahabu, wewe unamunyima kwa nini?"

Jumatano, 9 Julai

Siku kumi na nne za hasara. Kwanza daraja dogo njiani liliharibika kwa mvua, magari yakasimama. Halafu mimi mwenyewe niliumwa malaria, nikaota nimekuwa kichwa cha waya na Jimmy ananikata. Nilipopona, Jimmy akakataa kuniruhusu mpaka nimalize simu zilizorundikana. Nimezimaliza siku mbili. Mtu mwingine angehitaji wiki tatu.

Ijumaa, 11 Julai

Ukurasa huu uandikwe kwa wino mzuri.

Niliondoka alfajiri juu ya lori la mbao. Koboko nilimpata Soro kwa urahisi, maana kila niliyemuuliza alianza kwa kutabasamu. Ni mtu mrefu, mzee kidogo, zamani alikuwa karani kwenye ghala la chakula cha msaada huko Yei. Sasa anauza sabuni na chumvi. Duka liko mbele, chumba cha kulala nyuma, na gunia liko chumbani, limefungwa kamba mara nne.

"Hapana kuuza," akasema kabla sijamaliza salamu. "Iko mununuzi anakuja kutoka Kongo. Mutu ya dhahabu."

"Anakuja tangu mwezi wa pili," akasema mkewe, Mama Celestina, akichambua mboga mlangoni. "Mimi nalala kwa ukuta, gunia nalala kwa katikati. Mutu ameoa bibi ya pili, na bibi iko na pini."

"Celestina."

"Nasema uongo? Mwulize kijana anaona nini."

Nikamwambia Soro ukweli wa kitaalamu, kwamba dhahabu ile imepakwa tu, nyembamba kuliko jasho la nzi, na gunia zima halitoshi kutengeneza hereni ya kuku. Akanitazama kama mtu anayetaka kumwibia. Ndipo nikafanya jambo la kiume. Nikavua cheni yangu.

"Mzee, tubadilishane. Dhahabu kwa dhahabu. Cheni hii kwa kichwa kimoja tu."

Soro akaichukua. Akaipima kiganjani. Akaisugua kwenye sakafu ya saruji, mara tatu, akaangalia. Akampa Mama Celestina. Mama Celestina akaitazama, akaanza kucheka polepole, kama sufuria inayoanza kuchemka.

"Mwanangu," akasema, "hii ni shaba ya bomba. Nani alikudanganya?"

Miaka miwili nimeivaa. Nilimwambia nilikuwa nawajaribu. Akacheka zaidi, akaenda akarudi na sahani ya enyasa, ugali wa muhogo, na mboga, akasema mutu aliyeibiwa lazima ale kwanza.

Nikala. Na wakati nakula nilisema ukweli, kwa sababu tumbo likijaa mdomo unalegea. Nikaeleza mashine, na wasichana wawili, na tarehe 28, na kwamba mmoja wao ni mtoto wa Koboko hapahapa. Soro akauliza kitu ambacho hakuna mtu Arua nzima aliyewahi kuniuliza.

"Kichwa yenyewe iko na meno thelathini na sita?"

"Ndiyo mzee."

"Iko na masikio mbili ya chuma, inafunga hivi?" Akabana vidole vyake viwili kwa pamoja, tak.

"Hiyohiyo."

"Kule ghala nalifunga hiyo kila siku miaka tisa. Kila gunia ya mahindi, risiti yake imepita kwa waya hiyo." Akainuka. Akafungua kamba ya kwanza.

Lakini hakukubali tulimwage. Alisema ukimwaga, dhahabu inasuguana, inabaki sakafuni, na Celestina atafagia utajiri wake. Niingize mkono tu, nitoe kimoja. Nikitoa kisicho chenyewe, nirudishe. Mara tatu, basi.

Nikavua shati. Nikaingiza mkono mpaka begani. Ndani ni giza na meno matupu, yananichoma kama nungunungu. Mara ya kwanza nikatoa kichwa cha skrini, kile cha bluu. Mara ya pili nikatoa cha kibodi, duara, hata aibu. Mama Celestina akaanza kuhesabu kwa sauti.

Nikafumba macho. Nikakumbuka kidole cha Helen kwenye kiganja changu: vidole vinne, ulimi mmoja, masikio mawili. Nikaacha kuvuta. Nikawa naviuliza kimoja kimoja, wewe nani, wewe nani, na kila kimoja kilijibu. Mkono ulikuwa unatoka damu. Nikamaliza upande wote wa kushoto. Nikashuka chini kabisa, na pale, kimelala kwa ubavu, kikanishika kwa sikio.

Soro akakipokea, akakifuta kwa shati lake, akakibana masikio. Tak. Alitabasamu kama mtu aliyekutana na rafiki wa jeshini.

"Chukua," akasema. "Na cheni yako chukua pia. Hapana kuvaa mbele ya watu."

Nimerudi Arua kwenye lori la viazi, niko juu, naimba. Mimi ni nani? Mimi ni Moris.

Jumamosi, 12 Julai

Niliingia shuleni kama askofu. Nikakiweka kichwa mikononi mwa Helen, nikarudi nyuma hatua mbili ili sifa zipate nafasi ya kupita.

Alikigeuza. Akahesabu meno kwa ukucha. "Ni yenyewe," akasema, na Zuhurah akapiga makofi. Halafu kidole cha Helen kikasimama mgongoni mwa kichwa, kwenye kipande cha plastiki ambacho mimi nilidhani ni mikwaruzo.

"Hii mulipata wapi?"

"Koboko. Ndani ya gunia la vichwa elfu."

"Imeandikwa JUU. Mimi naliandika. Nikiwa Senior Wan, ili nisichomeke kichwa chini." Akakipitia tena. "Sista, hii ni ya kwetu. Hii ni waya yetu."

Sista Harriet akashika msalaba wake. Akasema waya umetembea mpaka Koboko na umerudi nyumbani, na kama huo si muujiza basi yeye hajui muujiza. Akawaita wanafunzi wote wasioona, kumi na mmoja. Kila mmoja akakigusa.

Nilicheka sana. Nilicheka kuliko wote.

Jumapili, 13 Julai

Mvua. Sina la kuandika.

Jumatatu, 14 Julai

Sina.

Jumatano, 16 Julai

Kazi. Kichwa kile kilikatwa karibu sana na shingo, aliyekikata alikuwa na haraka. Zimebaki nyuzi fupi kama ndevu za kijana. Kichwa cha meno ishirini na tano kilikuwepo kwenye droo ya Jimmy. Kwa mwili nimechukua waya wa mtandao, vipande vitatu, kila kipande nyuzi nane. Nimekaa na mita ya umeme, nikipima uzi mmoja mmoja, nikilehemu. Jimmy alikuja kuangalia. Alinishikia taa, Jimmy huyu huyu wa mfupa wa kuku.

Jumamosi, 19 Julai

Tumeichomeka. Tak.

Nikakaa kwenye kompyuta ya rangi ya maziwa, nikaandika jina langu, kama inavyostahili. Nikabonyeza. Mashine ikanyamaza. Halafu ikaunguruma, madirisha yakatetemeka, kuku wa Sista wakakimbia, na karatasi ya kwanza ikatoka. Wote walipiga kelele.

Helen akapitisha kidole.

"Nani Kotiu?"

"Moris."

"Hapa imeandikwa Kotiu. Basi wewe ni Fundi Kotiu kutoka Arua."

Tukajaribu maneno mengine, yakatoka ya kilevi. Na kila mstari mmoja ukiisha, mashine inatema karatasi nzima. Karatasi zenyewe ni nene, za gharama, zimebaki rimu tatu. Nikazima.

Nilitaka kusema mashine imezeeka. Helen alikuwa amekwisha kukaa na zile karatasi mapajani, midomo inacheza.

"Ngoja. A iko sawa. N iko sawa. B inatoka D. Na D inatoka B. K inatoka M, na M inatoka K. Hii hapana ulevi, Kotiu. Hawa ni watu wawili wamebadilishana vitanda."

Nikasimama katikati ya chumba. Watu wawili. Nyuzi mbili. Nikafungua kichwa, nikapima. Uzi wa pinki na uzi wa rangi ya chungwa, majirani, ukiwa umefifia unaona ni rangi moja. Nililehemu huu mahali pa ule. Mimi niliye na macho mawili mazima sikuliona kosa hilo, na yeye amelishika kwa kidole cha shahada.

Nikawarudisha kila mmoja kitandani kwake. Nikabonyeza.

"Moris," Helen akasoma. "Lakini Kotiu ni nzuri zaidi."

Jumatatu, 21 Julai mpaka Ijumaa, 25 Julai

Tunachapa. Sista anaandika kwenye kompyuta kwa kidole kimoja, mimi nalisha karatasi, mashine inanguruma kuanzia asubuhi. Hisabati, jiografia, biolojia, historia, yote. Karatasi za mtihani ni siri, kwa hiyo Helen na Zuhurah wamefukuzwa mpaka upande wa jikoni, na Helen anapiga kelele kutoka huko kwamba anasikia kwa mlio jibu la swali la nne. Jimmy amekuja kila siku mchana, anasema anapita tu.

Ijumaa jioni karatasi ya mwisho ilitoka. Zilibaki karatasi kumi na saba kwenye rimu.

Jumatatu, 28 Julai

Kama kuna siku nyingine kubwa katika historia ya wilaya hii, niletewe niilinganishe.

Kwenye paredi ya asubuhi mkuu wa shule aliniita mbele, mimi niliyeacha Senior Two, mbele ya wanafunzi mia nane na walimu wote, akasema kijana huyu amekwenda mpaka Koboko kutafuta kilichopotea. Wakapiga makofi mpaka mvua ikajibu. Yule kijana wa duka lenye vioo ana mdogo wake pale, kwa hiyo habari imefika.

Halafu kengele. Nilichungulia dirishani. Wengine wote wameinama wanatazama karatasi. Helen na Zuhurah wamekaa wima, nyuso juu, kana kwamba wanasikiliza, na mikono yao inatembea mezani bila haraka. Helen alimaliza ukurasa wa kwanza kabla ya wengi wa wenye macho. Akafungua wa pili. Nilijua amefika swali gumu, maana kidole kilirudi nyuma, kikapita tena, kikarudi. Halafu akatabasamu.

Mimi ndiye niliyefanya hivyo. Andikeni.

Jumatano, 6 Agosti

Mtihani umekwisha. Helen wa tatu katika darasa zima. Zuhurah wa kumi na tisa. Mkuu wa shule amesema majina yao yote mawili yanakwenda kwenye mtihani wa taifa. Sista amenipa kazi ya kutunza mashine kila Jumamosi, kwa malipo. Jimmy anasema watu kumi na wawili wamekuja kibandani kumuulizia "yule wa Koboko".

Alhamisi, 7 Agosti

Nimejaribu kulala mchana. Imeshindikana.

Jumamosi, 9 Agosti

Nilikwenda Adumi kwa baiskeli. Nilibeba karatasi moja ya nukta, ukurasa wa jiografia, na ujumbe wa Sista kwamba mashine imepona na Simon arudi.

Nilimkuta shambani kwao na mama yake, wanang'oa karanga. Anafuata mstari kwa mguu, jembe linashuka palepale linapotakiwa. Ni mkubwa kuliko nilivyodhani, na ana sauti ya chini. Alifurahi kusikia habari za Helen. Aliuliza kama bado ana mdomo. Nikasema umeongezeka. Akacheka.

Nikampa karatasi. Akajifuta vumbi la mikono kwenye suruali, akaiweka juu ya goti, akapitisha kidole. Akarudi mwanzo. Akajaribu kidole kingine. Akajaribu mkono wa kushoto.

"Iko kama mchanga," akasema. "Naskia kitu iko, lakini hapana kujua nini."

Akanipa mkono nimguse. Ncha za vidole zimekuwa ngumu kama ukwato. Miezi mitano ya jembe.

"Siku naondoka, Sista alisema nikiacha jembe, ngozi itarudi taratibu," akasema. "Lakini baba alishakufa. Nikiacha jembe nani analima?" Akaikunja karatasi vizuri akanirudishia. "Ile waya ilipotea namna gani? Walisema panya."

Nikasema ndiyo. Panya.

Mama yake alinipa karanga za kubeba, mfuko umejaa.

Jumapili, 10 Agosti

Baada ya misa nilimwomba Sista funguo, nikasema ninakagua mashine. Nimeiwasha. Safari hii sikuanza na jina langu.

Karatasi imetoka moja tu. Nimempelekea Helen kwenye benchi la nje na nimekaa mbele yake, ninaandika hapa kwa sababu mikono inahitaji kazi. Ameuliza ni nini. Nimesema soma. Kidole chake kimeanza mstari wa kwanza, na hajasema neno la utani hata moja.

Nilichochapa ni hiki:

Helen. Januari nilikuja na baiskeli kuchukua takataka za store, ndiyo maana unazijua hatua zangu. Waya wenu haukuwa kwenye takataka. Ulikuwa unaning'inia kwenye msumari ndani ya mlango. Nilinyoosha mkono nikauchukua, nikaukata vichwa, nikauchoma. Haukufika hata kilo. Nilijua tangu ulipoisoma ile JUU, nikacheka na watu. Simon hawezi tena kusoma. Panya alikuwa mimi.